TV imezima picha, sauti ipo, waranti imeisha: niiuze, nitengeneze au nikope nyingine?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mtwara mjini, nina mgahawa wangu mdogo huku Chikongola, asubuhi supu na chapati, mchana wali samaki, jioni chai na vitafunwa. Msimu wa korosho uliopita ulipoisha mjomba wangu wa Tandahimba alinikopesha hela, nikanunua TV ya inchi 65, smati, milioni moja na laki tisa, dukani kabisa siyo ya mkononi, nikapewa risiti na kikaratasi cha waranti ya mwaka mmoja. Sikuinunua kwa kujionyesha Anti, niliinunua kwa ajili ya mpira, maana huku kwetu ukiwa na TV kubwa siku ya Simba na Yanga au siku Namungo wanacheza watu wanajaa mpaka nje, mtu anaanza na chai moja, mapumziko anaagiza chapati, mechi ikiisha kashakula na wali. Na kweli ilinilipa, mjomba nilishaanza kumrudishia kidogo kidogo.

Sasa waranti ikiwa bado haijaisha vilianza kutokea vidoti vyeupe kwenye skrini, vya mviringo, vinang'aa kuliko sehemu nyingine, nikapiga picha nikamtumia yule kijana wa dukani WhatsApp, akanijibu hiyo kawaida dada, TV kubwa zote ziko hivyo. Basi nikaendelea nayo. Vidoti vikazidi. Afu juzi juzi hapa, waranti imeisha siku si nyingi, katikati ya mechi skrini ikawa giza ghafla, ila sauti inaendelea, mtangazaji anatangaza, watu wanapiga kelele wanataka picha. Nikizima nikiwasha tena nembo ya kampuni inaonekana kidogo sana halafu giza, sauti inakuja, remoti inafanya kazi, napandisha sauti inapanda.

Nikaenda dukani na risiti yangu. Mwenye duka akaangalia tarehe tu, akasema waranti imeisha, hapa hatuhusiki tena, tafuta fundi. Hata kuiona hakutaka. Nikamwambia mbona niliwaambia mapema, akasema yule kijana kashaacha kazi, yeye hajui tuliongea nini.

Fundi wa kwanza alikuja mgahawani, akaiwasha, akaigonga gonga kwa nyuma, akasema kioo kimekufa, na kioo cha inchi 65 kwa bei yake bora ununue TV mpya, kwahiyo kama nataka yeye anaichukua hivyo hivyo kwa laki moja na ishirini. Fundi wa pili hakuja, nilimwelezea kwenye simu, akasema hizo ni taa za ndani, laki mbili na themanini, nitumie nusu niagize Dar. Sasa nimebaki katikati, huyu anasema imekufa, huyu anasema inapona, na wote wawili wanataka nitoe kitu leo leo.

Mume wangu anasema tuiuze kwa huyo wa laki na ishirini tuongezee tununue nyingine. Jirani yangu anasema kuna watu wanatoa mkopo siku hiyo hiyo, unaacha kadi ya benki na kitambulisho, unachukua TV mpya unalipa kila wiki, maana wateja wameshahamia kwa mwenzangu wa mtaa wa pili na ligi haisubiri mtu. Na mjomba bado sijamwambia. Kila akipiga anauliza TV inaendeleaje, mi namjibu nzuri mjomba, na mwezi ujao anakuja mjini kuna shughuli ya jando la watoto, ataingia mgahawani ataikuta iko giza.

Naomba unisaidie Anti, TV yangu imekufa kweli? Na duka halina lawama kabisa kisa waranti imeisha? Hela kidogo niliyonayo niiweke wapi?

Mama wa mgahawa, Mtwara


Marahaba mwanangu, na pole sana. TV ya mgahawa siyo starehe, ni kitendea kazi, na kitendea kazi kikisimama chakula cha nyumbani nacho kinasimama, kwahiyo sikuchukulii kama mtu anayelilia anasa hata kidogo. Barua yako nimemsomea mzee wangu, maana mume wangu ni fundi redio na TV hapa Lindi tangu enzi zile za TV za chogo, na amenifanya nirudie mara mbili pale kwenye vidoti vyeupe. Haya ya ufundi nitakayokwambia ni ya kwake, ya watu na hela ni ya kwangu. Ila kabla ya yote, usiuze. Laki moja na ishirini usiipokee, hata mumeo akinuna.

TV yako kwa dalili ulizozitaja haionekani kufa kioo. Kwenye hizi TV za LED kioo chenyewe hakitoi mwanga, kinachora picha tu, mwanga unatoka kwenye taa ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari nyuma yake (ukiacha zile za OLED ambazo kila nukta inajiwakia yenyewe, na kwa bei uliyonunua yako siyo hiyo). Sasa zile taa zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikatika umeme haufiki kwa zinazofuata, na bodi inayozilisha ikishaona mambo siyo ya kawaida inazima zote ili kujilinda. Ndiyo maana ukiwasha unaona nembo kidogo halafu giza, zinajaribu kuwaka, bodi inazikata. Sauti inaendelea kwa sababu sauti haina habari na taa, iko upande wake.

Na vile vidoti ndivyo vilivyomfanya mzee anirudishe nyuma. Kila taa ile imevalishwa kikofia cha plastiki kinachosambaza mwanga ili skrini nzima ing'ae sawa, na kikofia kimebandikwa kwa gundi, joto likizidi gundi inaachia, kikofia kinadondoka, mwanga wa ile taa unapiga kioo moja kwa moja, we kwa mbele unaona kidoti cheupe cha mviringo. Kwahiyo yule kijana alipokwambia ni kawaida hakukuambia kweli. Ilikuwa dalili kwamba sehemu ya taa inaharibika kwa joto, na ilikuwa dalili iliyotokea ndani ya waranti. Shika hilo vizuri, nitalirudia kwenye habari ya duka.

Leo usiku fanya hivi, haikugharimu kitu na huifungui TV. Subiri giza, zima taa za mgahawa, washa TV mpaka usikie sauti, weka chaneli yenye picha inayobadilika badilika, afu chukua tochi ya simu isogeze karibu kabisa na skrini, uielekeze kwa kuinamisha kidogo, utazame pale pale mwanga unapoangukia. Ukiona picha hafifu inapita, watu wanatembea, maandishi yapo, basi kioo ni kizima, kinachora, kimekosa mwanga tu. Sogeza tochi sehemu mbalimbali, juu, chini, kati, usiangalie kona moja ukakata tamaa. Ukiona picha irekodi kwa simu nyingine, utaihitaji. Usipoona kitu kabisa haimaanishi ndiyo basi, inaweza kuwa bodi inayopeleka picha kwenye kioo, hapo ndiyo itahitaji fundi afungue apime, ila siyo kabla hujamaliza na duka kama nitakavyokwambia.

Kioo kikifa kweli huwa kinaonyesha. Unaona ufa, au doa jeusi kama wino limemwagika ndani, au mistari ya wima ya rangi rangi isiyoondoka hata ukibadili chaneli, au nusu ya skrini ina picha nusu hamna, na mwanga wa nyuma mara nyingi unabaki unawaka. Hapo ni kweli kioo cha inchi 65 bei yake inakaribia TV mpya na haina maana kukifuata. TV isiyowaka kabisa, haina sauti haina picha, ile taa ndogo nyekundu inapepesa tu, hiyo mara nyingi ni pawa saplai, bodi inayoingiza umeme, na inatengenezeka. Na ile inayogota kwenye nembo haiendelei mbele huwa ni programu au bodi kubwa. Nimeyataja haya kwa wasomaji wengine maana barua za TV ninazo nyingi, ila yako wewe iko kwenye taa.

Fundi wa kwanza sitamwita tapeli, simjui. Mafundi wananunua TV zilizokufa kioo kwa ajili ya kutoa bodi na spika, ni biashara halali na bei zake ndiyo hizo. Lakini mtu aliyesema kioo kimekufa bila kuwasha tochi wala kufungua skrubu hata moja, na hapo hapo akataka kununua yeye, huyo hujapata kipimo kwake, umepata ofa. Fundi anayepima asiwe ndiye anayenunua. Na wa pili naye, anaweza kuwa amelenga sawa, ila hela ya kuagiza vifaa hatumi mtu kwa kusikia kwenye simu. TV mbili za modeli moja zinaweza kuwa na taa tofauti ndani, idadi ya mistari tofauti, namba tofauti, kwahiyo lazima ifunguliwe kwanza, namba iliyoandikwa kwenye mstari wa taa isomwe, ndiyo iagizwe. Akiagiza kwa kukisia zitakuja zisizoingia na nusu yako itakuwa imekwenda.

Sasa duka. Hapa ndipo nataka usimame vizuri mwanangu kwa sababu watu wengi wakiambiwa waranti imeisha wanarudi nyumbani wameinamisha kichwa, na wenye maduka wanalijua hilo.

Waranti ni ahadi ya kiwanda au ya duka, na ahadi hiyo ina mwisho wake, sawa. Lakini wewe tatizo uliliripoti waranti ikiwa hai. Picha ulituma, jibu ulipewa, tarehe ziko kwenye WhatsApp yako. Kijana kuacha kazi hakubadilishi kitu, aliongea na wewe akiwa mtu wa duka, kwa namba ya duka au ya kazini kwake, na duka ndilo lililopaswa kupeleka TV yako kwa wakala wakati ule. Kwahiyo unachodai siyo kutengenezewa nje ya waranti, unadai duka limalize ulichoripoti ndani ya waranti. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa na ukienda tena usianze na "TV yangu imezima", anza na tarehe ya ile meseji.

Piga skrinishoti ya mazungumzo yote, jina na namba ya juu ionekane, tarehe ionekane, zile picha za vidoti zihifadhi nje ya simu pia, mtumie hata mumeo. Risiti ya EFD ipige picha leo leo maana karatasi ile inafifia, ukiiweka kwenye pochi au karibu na jiko baada ya muda inabaki nyeupe. Kikaratasi cha waranti nacho. Stika ya nyuma ya TV yenye modeli na serial namba nayo. Afu andika barua fupi, siyo ya matusi, siyo ya kulia, ukurasa mmoja: nilinunua tarehe hii, kwa bei hii, niliripoti tatizo tarehe hii, nilijibiwa hivi, sasa tatizo lile lile limezima TV, naomba muipeleke kwa kituo cha huduma cha kampuni au mgharamie taa na ufundi, naomba jibu ndani ya siku 14. Toa nakala mbili, moja waache, ya kwako wagonge muhuri na kuandika tarehe. Wakikataa kugonga, watumie picha ya barua kwa WhatsApp mbele ya shahidi. Na kwenye simu tafuta kituo cha huduma cha hiyo kampuni hapa Tanzania, waandikie moja kwa moja na ushahidi huo huo, maana kuna wakati kampuni inakubali kutoa vifaa hata kama duka limegoma, haipendi jina lake lichafuke.

Wakinyamaza, nenda ofisi ya biashara ya manispaa ukaonane na afisa biashara, ndiye anayehusika na leseni zao na simu yake wanaipokea. Juu yake kuna Tume ya Ushindani, ile watu wanaita FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, wanashughulikia malalamiko ya walaji na pia bidhaa bandia. Na kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo kiwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sheria haijaandika TV idumu miaka mingapi, kwahiyo sikwambii umeshashinda, nakwambia una cha kusemea.

Ila kuna jambo moja lazima nikwambie ukweli kabla hawajakuwahi nalo. Soma kikaratasi cha waranti vizuri, kampuni nyingi zinaandika kwamba waranti ni ya matumizi ya nyumbani, ukiitumia kwa biashara haikuhusu. Na yako iko mgahawani. Hesabu tu, ikiwaka saa 14 kwa siku, kwa mwaka ni zaidi ya saa 5,000, wakati mtu wa nyumbani anayeangalia saa 4 kwa siku anafikisha kama saa 1,460. TV yako kwa mwaka mmoja imefanya kazi ya zaidi ya miaka mitatu ya sebuleni. Wakikuuliza imekaa wapi usidanganye, wakija kuiona watajua na utapoteza heshima yote ya hoja yako. Sema ilikuwa mgahawani, nilipoinunua nilisema ni ya mgahawa (kama ulisema), na nilipolalamika hamkuniambia hilo, mliniambia ni kawaida. Kwa hali hiyo inawezekana wasilipe yote, na mimi ningekushauri ukubali kugawana, wao watoe taa kwa bei ya jumla au wakuletee kwa mzigo wao wa Dar, wewe ulipe ufundi. Nusu inayopatikana wiki hii ina faida kwako kuliko haki nzima ya mwakani, maana mgahawa wako unahesabu siku. Na katika siku hizo 14 usiruhusu fundi yeyote aifungue, maana ikishafunguliwa watasema imeharibiwa na fundi wa mtaani.

Kama ikifika umeamua kutengeneza kwa hela yako, hapo sikiliza sana, TV nyingi zinauawa mezani kwa fundi siyo na ugonjwa wenyewe. Kufikia zile taa lazima kioo kitolewe kizima, na kioo cha inchi 65 ni kipana, ni chembamba, kinapinda, mtu mmoja hakiwezi. Muulize fundi, unatoa kioo na nani? Akisema peke yangu, shukuru uondoke. Muulize umeshatengeneza za ukubwa huu, akuonyeshe aliyemtengenezea. Na hili ndilo kubwa kuliko yote, mkubaliane kwa maandishi kabla hajashika bisibisi, kioo kikipasuka mikononi mwake nani anabeba. Fundi wa kweli hatachukia swali hilo, mzee wangu mwenyewe huwa analiandika kabla mteja hajauliza, kuna wakati anakataa kazi akiona kioo kina ufa pembeni.

Kataa kurukishwa taa. Kuna fundi anatafuta ile moja iliyokufa anaiunga waya kuipita, TV inawaka, anachukua hela yake, unarudi nyumbani una kivuli kwenye skrini, na zilizobaki ni zile zile zilizochoka kwa joto, baada ya muda inakufa nyingine. Taa zibadilishwe seti nzima, na zile za zamani akurudishie uzione. Vikofia vyote viwe vimekaa, karatasi za kusambaza mwanga zirudi kwa mpangilio wake bila vumbi wala alama za vidole, maana doa la ndani hulifuti tena kwa nje. Piga picha bodi za ndani akifungua mbele yako, namba zake zionekane, siyo kwamba namshuku mtu, ila TV ikikaa dukani kwa fundi wiki mbili ikisubiri kifaa cha Dar, kumbukumbu inasaidia wote wawili. Malipo, toa ya vifaa kwanza kwa risiti au hata karatasi yenye sahihi, ya ufundi toa ukishaiona inawaka saa kadhaa mfululizo pale pale, siyo dakika tano. Na umwombe akuandikie waranti yake ya ufundi, hata miezi mitatu.

Kwa hiyo laki mbili na themanini aliyosema wa pili, kwa TV ya milioni moja na laki tisa yenye kioo kizima, mzee anasema ukipata kazi ya namna hii kwa bei hiyo siyo kuonewa, ila jaribu kuulizia bei ya taa peke yake Kariakoo kwa namba ile iliyosomwa, utajua ufundi ni kiasi gani ubembeleze hapo.

Ukiisafirisha iwe imesimama wima muda wote, usiilaze hata kama dereva wa kirikuu anakwambia itakaa vizuri ikilala. Boksi lake kama unalo weka humo, kama huna, godoro mbele na nyuma, mtu akae nayo huko nyuma aishikilie. Barabara za mitaani huko Chikongola unazijua mwenyewe.

Mkopo wa kila wiki hapana. Ile wenyewe wanaita kausha damu na jina linajieleza. Kadi ya benki unaacha kwao, TV mpya unaleta mgahawani penye joto lile lile na moshi ule ule, mechi zikisimama ligi ikienda mapumziko marejesho hayasimami. We una deni la mjomba ambalo lina huruma ndani yake, usilifunike kwa deni lisilo na huruma. Kama nyumbani una TV ndogo ya inchi 32 au ndugu anayo, ilete mgahawani kwa hizi wiki, iweke karibu na viti, punguza hata bei ya chai siku ya mechi. Watu hawajakuhama wewe, wamefuata picha, na wali wako wanaujua.

Kwa mjomba, mpigie kesho, usisubiri jando. Mjomba kwetu huku Kusini ni mtu mkubwa, amekutolea hela ya korosho ambayo yeye mwenyewe kaisubiri mnada mpaka mnada, ana haki ya kujua, na zaidi ya hapo ana haki ya kukusaidia. Usimpigie na kilio, mpigie na habari iliyokamilika: mjomba TV imezima taa, kioo kizima, duka nimewaandikia, hela ya matengenezo ni kiasi hiki, marejesho ya mwezi huu naomba unisogezee. Mumeo awe pembeni akisikia, na yeye amsalimie. Mtu akikuta jambo limeshashikwa vizuri hana ugomvi. Akilikuta shughulini mbele ya wageni, baada ya kuambiwa kila siku ni nzuri, atavunjika moyo kwa maneno kuliko kwa TV.

Ikishapona, vitu vichache vitakavyofanya isirudi kwa fundi. Mwanga. TV nyingi zikitoka dukani zimewekwa mwanga wa juu kabisa ili ziwavute wateja, na watu wanaziacha hivyo hivyo, ndicho kinachokaanga taa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, ile ya mwanga wa nyuma ishushe mpaka katikati, mchana mgahawani mtaona vizuri tu kama haipigwi na jua. Isikae juu chini ya bati wala upande wa jiko, moshi na mafuta vinaingia kwenye matundu ya nyuma na joto halitoki, acha nafasi ukutani hewa ipite. Upepo wa chumvi wa kwetu pwani nao unakula bodi taratibu, dirisha la upande wa bahari lisielekee mgongo wa TV. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi usiwe na haraka, subiri dakika kadhaa utulie, au nunua TV gadi nzuri yenye kuchelewesha kuwasha, maana ile eksitensheni ya kawaida yenye swichi hailindi kitu. Mvua za radi zikianza chomoa na waya wa dishi, radi haiingii kwa njia ya soketi peke yake. Na usiku mgahawa ukifungwa zima kabisa ukutani.

Fanya ile ya tochi leo usiku, majibu yoyote utakayoyapata niandikie, na unitumie picha ya stika ya nyuma yenye modeli. Mzee amesema ataulizia kwa mafundi wenzake wa Dar kama seti ya taa zake inapatikana, ili hata ukikaa na mwenye duka uwe unajua bei unayoiongelea.

Anti, Lindi